Meza ya Sayansi Ndani ya Chuo: Tusikae Kusubiri Habari za Wengine

Bismillahir Rahmaanir Rahiim

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake, sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama ba'ad.



Leo napenda tuzungumze jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utaliona liko mbali sana na Kismayu, Koyama, Chovai na Chula. Ni habari ya wataalamu wanaoikunja DNA mpaka ikawa na maumbo madogo ambayo jicho haliwezi kuyaona. Wanafunzi huniuliza, Maalim, hili linafaa? Halali au haramu? Nitawajibu, inshaallah. Lakini liko swali jingine nililoliona kuwa zito zaidi, nalo linatuhusu sisi walimu na wazazi kuliko wao: kwa nini habari kama hizi daima tunazisikia zimekwisha kufanywa na wengine, na chuo chetu hakina hata meza moja ya kuanzia?

DNA inakunjwa vipi?

DNA ni uzi mwembamba mno ulioko ndani ya chembe hai za mwili wa mtu, mnyama na mmea. Juu ya uzi huo zimepangwa herufi nne, ambazo wataalamu wanaziita A, T, G na C. Mpangilio wa herufi hizo ndio unaobeba maagizo ya urithi. Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) amezijaalia herufi hizi kwa jozi: A hushikana na T, na G hushikana na C.

Upana wa uzi huu ni kiasi cha nanometa 2. Chukua milimita moja, ile alama ndogo kabisa kwenye rula ya mtoto, uigawe mara milioni moja. Kipande kimoja ndicho nanometa.

Mwaka 1982 mtaalamu wa Marekani, Nadrian Seeman, alitoa wazo kwamba uzi huu unaweza kutumiwa kama kitu cha kujengea, mbali na kazi yake ya kubeba urithi. Baada ya miaka mingi ya kazi yake na ya wenzake, mwaka 2006 Paul Rothemund wa chuo cha Caltech alionyesha njia nyepesi. Alichukua uzi mmoja mrefu wa kirusi kinachoshambulia bakteria, uzi wenye herufi 7,249, akauchanganya na vipande vifupi vya DNA zaidi ya 200. Mchanganyiko ukapashwa moto mkali, kisha ukaachwa upoe taratibu kwa muda wa saa mbili hivi. Uzi ule mrefu ukajikunja wenyewe ukawa nyota, pembetatu, na hata uso unaocheka. Upana wa kila umbo ulikuwa kiasi cha nanometa 100, na ndani ya tone moja la maji yalikuwemo maumbo ya namna hiyo kwa mabilioni. Kazi hiyo ikaitwa kwa jina la sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, yaani origami.

Mama zetu wa visiwani wataifahamu kazi hii upesi kuliko maprofesa wengi. Mama anaposuka miyaa hupata ukili mmoja mrefu. Ukili peke yake si mkeka. Huulaza, akaurudisha, akaushona ubavu kwa ubavu mpaka upatikane mkeka wenye umbo alilolitaka. Uzi mrefu wa kirusi ndio ukili, na vile vipande vifupi ndivyo nyuzi za kushonea. Tafauti ni kwamba hapa hakuna mkono wala sindano. Kila kipande kifupi kimeandikwa herufi zake, nusu yake inashika mahali hapa pa uzi mrefu na nusu yake inashika mahali pale, na kikishika pande zote mbili huzivuta zikakaribiana.

Je, ina faida gani? Mwaka 2009 wataalamu wa Denmark walitengeneza kijisanduku cha DNA chenye kifuniko kinachofunguka. Mwaka 2012 wataalamu wa Harvard walitengeneza chombo mfano wa kipipa kinachobeba dawa na kufunguka pale tu kinapokutana na chembe maalumu, nacho kilijaribiwa katika maabara. Mwaka 2018 watafiti wa China na Marekani walitumia DNA iliyokunjwa kupeleka dawa kwenye uvimbe wa saratani ndani ya panya, ikaukatia uvimbe ule damu. Hii bado ni kazi ya utafiti na wala si tiba ya hospitali. Lakini tunaona inaelekea wapi.

Je, ni kuingilia kazi ya Mola?

Hili ndilo swali la wanafunzi. Jibu langu ni kwamba anayekunja DNA kwa njia hii hakuumba uhai wala hakubadili umbile la kiumbe. Amechukua kitu kilichokwisha kuumbwa, chenye sifa alizozitia Muumba, akakitumia kwa kufuata sifa hizo. Mwenye kukata jani la mkoma akasuka mkeka hakushindana na Aliyeuotesha mkoma. Mababu zetu walioshona mitepe kwa kamba za makumbi bila ya msumari hawakuwa wakiingilia kazi ya Aliyeumba mnazi.

Asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kukataza, na mipaka inajulikana. Kitu kikitumiwa kumdhuru mtu, kuchezea nasaba au kutengeneza silaha, basi hukumu yake inabadilika, kama kisu kinachochinja kwa jina la Allah na kisu hicho hicho kinachoua bila ya haki. Na hapa ndipo anapohitajika mwanachuoni. Lakini mwanachuoni asiyejua DNA ni kitu gani atatoa fatwa juu ya kitu asichokijua, na masheikh wetu walitufundisha kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu hicho.

Maradhi ya kusubiri habari

Sasa niseme jambo ambalo huenda baadhi ya ndugu zangu wasilipende. Kila inapotoka habari ya ugunduzi mpya, tunakimbilia kutafuta aya tukasema, "Hili limo ndani ya Qur-aan tangu zamani." Khutba inatolewa, watu wanasema Allahu Akbar, na baada ya sala tunarudi majumbani. Mwaka wa pili inatoka habari nyingine, tunafanya vile vile.

Qur-aan ni kitabu cha uwongofu, nasi tunaamini kila herufi yake. Ndani yake tumeamrishwa tutazame mbingu na ardhi, ngamia, milima, na nafsi zetu wenyewe. Amri ya kutazama inatekelezwa kwa kutazama. Anayengoja jirani atazame, kisha akasema "sisi tulikwishaambiwa", ameipokea amri lakini hakuifanyia kazi. Na iko hatari nyingine: sayansi hujisahihisha. Ukiifunga aya na nadharia ya leo, na kesho nadharia ikaachwa, utamwambia nini kijana aliyeijengea imani yake juu ya nadharia ile?

Tazameni mfano ulio karibu na damu zetu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa wa DNA ya kale ya pwani yetu, uliohusisha mabaki ya watu 80 wa miaka ya 1250 hadi 1800, kutoka miji kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Faza. Faza ni mji wa Watikuu wenzetu, kisiwani Pate. Utafiti ulionyesha kwamba wengi wa watu wale walitokana na mama wa Kiafrika na baba waliotoka Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Miongoni mwa wakuu wa kazi hiyo yumo msomi wa Kenya, Chapurukha Kusimba, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini maabara iliyosoma vinasaba hivyo iko Marekani. Wajukuu wa watu wale, wanaosoma vyuoni visiwani na Kismayu, hawajawahi hata kuiona hadubini. Sina ugomvi na wataalamu wale. Ugomvi wangu ni na sisi, tunaosomewa makaburi yetu na wengine kwa sababu hatukumfundisha mtoto wetu kuyasoma.

Dini haikuwazuia wao

Utasikia mtu akisema kwamba sayansi ni kazi ya serikali na matajiri, na kwamba taasisi ya dini kazi yake ni dini tu. Basi na tutazame.

Katika mji wa Provo, jimbo la Utah, kipo Chuo Kikuu cha Brigham Young. Kilianzishwa mwaka 1875 na kinamilikiwa na kanisa la Wamormoni. Itikadi yao na yetu ni mbalimbali kabisa, wala siwasifu kwa itikadi. Lakini tazameni wanavyofanya. Mwanafunzi wao hula ahadi ya kutokunywa pombe, kutovuta sigara na kutozini. Hata chai na kahawa hawanywi, jambo ambalo Mbajuni asingeliweza kwa siku tatu! Masomo ya dini ni lazima kwa kila mwanafunzi, awe anasomea udaktari au uhandisi. Na sehemu kubwa ya gharama za chuo inatoka kwenye sadaka ya fungu la kumi wanayotoa waumini wao.

Chuo hicho cha dini kinafanya kazi hii hii ya kukunja DNA. Wataalamu wake wa kemia, fizikia na uhandisi wamekaa pamoja wakitafuta njia ya kuyapaka maumbo ya DNA madini kama dhahabu ili yapitishe umeme, yapate kuwa nyaya ndogo za kompyuta. Mwaka 2011 walichapisha kazi ya namna hiyo. Muumini wa kawaida, mkulima au muuza duka, ametoa sadaka yake na sehemu ya sadaka ile imeshuka mpaka kwenye meza ya maabara. Je, sisi tulio na wakfu katika sheria yetu tangu zama za Masahaba, tunashindwa na nini?

Wala si jambo geni kwetu

Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mwenye kushika nyakati za sala katika Msikiti wa Bani Umayya, Damascus. Kazi yake ilikuwa ndani ya msikiti, naye ndani ya kazi hiyo alikuwa mwanafalaki mkubwa. Mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti huo. Hesabu yake ya mwendo wa mwezi ndiyo hesabu hiyo hiyo iliyokuja kuonekana katika kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543. Hakuna aliyemwambia kwamba kupima jua kunamtoa kwenye dini. Waadhini walimhitaji.

Kabla yake, kituo cha kutazamia nyota cha Maragha, kilichoanza kujengwa mwaka 1259 chini ya Nasir al-Din al-Tusi, kiliendeshwa kwa mapato ya wakfu. Na Samarkand, Ulugh Beg alijenga madrasa iliyosomesha hesabu na falaki, kisha akajenga kituo cha kutazamia nyota.

Tukija kwetu pwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika katika gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932 akiwahimiza Waislamu wasome elimu za kisasa pamoja na dini yao. Baada yake ikaanzishwa Mombasa taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyojulikana kwa jina la MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Uingereza. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951 kusomea ufundi. Taasisi hiyo ikaja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Leo inasomesha vijana wa kila dini, na hiyo ni kheri. Lakini mbegu yake ilipandwa kwa ajili ya watoto wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, waliokuwa wameachwa nyuma kama walivyoachwa watoto wetu leo.

Kwa nini chuo, na si kungoja skuli?

Serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991. Wengi katika jamaa zetu waliingia majahazini wakakimbilia Kenya, wakaishi katika kambi za wakimbizi Mombasa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 17 mji wa Kismayu ulipotekwa na Al-Shabaab mwaka 2008, na miaka 21 walipotolewa mwaka 2012. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi ya masomo iliyompotea.

Katika miaka yote hiyo skuli zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Lakini kisiwani, hata chini ya mkungu, mwalimu na ubao wa kuandikia na watoto kumi walionekana. Chuo kilihamia kambini na wenye nacho, na waliporudi kikarudi nao. Hii ndiyo taasisi pekee ambayo vita haikuiondoa kwetu. Basi ikiwa chuo ndicho kinachobaki vitu vyote vinapoanguka, tukiiweka sayansi nje ya chuo tumeiweka mahali pa kupotea.

Lipo na jambo jingine. Mtoto anapofundishwa asubuhi kwamba elimu ni hii, na jioni kwamba elimu ni ile, na mwalimu wa kila upande anamdharau mwenzake, mtoto huyo hugawanyika. Mmoja ataiacha dini akidhani ni ya wasiojua. Mwingine ataichukia sayansi akidhani ni ya wasioamini. Nimewaona wote wawili, na wote wawili walikuwa watoto hodari.

Tufanye nini?

Sisemi tuanze na maabara ya kukunja DNA. Mashua haianzi kwa tanga. Nasema haya:

1. Kila chuo kiwe na meza moja na daftari moja. Watoto waandike kila siku saa za maji kujaa na kutoka, bamvua na maji mafu, upepo wa kaskazi na kusi, na mwezi ulivyoonekana. Baba zao wavuvi wanayajua haya kwa kichwa. Mtoto ayajue kwa kalamu, kisha ajiulize sababu yake.

2. Mirathi isomeshwe kama hesabu. Anayeweza kugawa mafungu ya warithi ameshajua sehemu na kigawo cha shirika. Mwalimu amwonyeshe mwanafunzi kwamba ameshaingia ndani ya hisabati bila ya kujua.

3. Tuionyeshe DNA kwa macho. Ponda ndizi mbivu. Changanya na maji yenye chumvi kidogo na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha chuja kwa kitambaa ndani ya gilasi. Chukua spiriti iliyotiwa ubaridi ndani ya barafu ya samaki, uimimine polepole kando ya gilasi. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zitapanda juu, nazo ni DNA ya ndizi. Spiriti hii ni ya kazi na si ya kunywa, nayo hushika moto, kwa hiyo mtu mzima awepo na jiko liwe mbali.

4. Hadubini moja kwa vyuo vitano, ikizunguka kwa zamu. Hii inunuliwe kwa wakfu au sadaka ya kuendelea. Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, nami sisemi itolewe humo kununulia vyombo. Lakini mwanafunzi maskini anayesomea elimu yenye manufaa, wako wanavyuoni walioruhusu apewe zaka. Ndugu zetu walioko Mombasa, Uingereza na Ghuba, mnapotuma pesa za kupaka rangi msikiti, kumbukeni na meza hii.

5. Wasichana wasiachwe. Aliyeshona mkeka kwa ukili tangu utotoni ana mkono na jicho la kazi hii kuliko ndugu yake.

Atakayesema, "Sisi ni wakimbizi na wavuvi, haya si yetu," na amtazame Omar Yaghi. Alizaliwa Amman mwaka 1965 katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, akakulia ndani ya nyumba isiyo na umeme. Kazi yake ni kuunganisha molekuli kwa mpango mpaka ziwe kama nyumba ndogo zenye vyumba, zinazoweza hata kukusanya maji kutoka katika hewa ya jangwani. Mwaka 2025 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na wenzake wawili. Kabla yake, mwaka 2015, Aziz Sancar, mtoto wa mkulima wa Uturuki, alipata tuzo hiyo kwa kueleza namna chembe za mwili zinavyoitengeneza DNA iliyoharibika.

Na atakayehofu kwamba mtoto akiijua sayansi imani yake itapungua, namwambia: hofu hiyo ni ya kweli pale sayansi inapofundishwa na mtu asiyeswali, mahali pasipotajwa jina la Allah. Ndiyo sababu nataka ifundishwe chuoni, na mwalimu yule yule aliyemfundisha Alfatiha.

Ndugu wazazi, Ijumaa hii mkitoka msikitini, msimuulize imamu mtoto amefika juzuu ya ngapi peke yake. Muulizeni pia lini itawekwa meza. Na akisema hakuna seremala, visiwa vilivyounda mashua miaka mia kwa mia havikosi mtu wa kupiga randa ubao mmoja.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) atuzidishie elimu yenye manufaa, awahifadhi watoto wetu baharini na nchi kavu, na ajaalie vyuo vyetu viwe taa ya dini yao na dunia yao. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.